Kujiongeza kazini na mkono wa kiongozi

Kujiongeza kazini ni kupanga na kutenda kwa wakati mmoja, pale linapozuka jambo ambalo utaratibu wa kawaida haukulitazamia. Si kubahatisha. Karl Weick, msomi wa Marekani aliyeichambua sana dhana hii, alisisitiza kwamba hakuna anayebuni kutoka kwenye utupu: anayejiongeza vizuri ni yule anayeijua kazi yake.

Chukua soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mtunza ghala ana magunia nje, lori la kuyabeba limeharibikia njiani, wingu limetanda, na bosi yuko Dodoma mjini, simu haipatikani. Awalipe vibarua kwa fedha ya ofisi wayaingize ndani? Aazime turubai kwa jirani? Au asubiri?

Kwa sehemu kubwa, jibu lake liliandaliwa na bosi miezi mingi kabla ya wingu hilo. Kama mtu hukaripiwa mbele ya wenzake kwa kila shilingi iliyotoka bila idhini, mtunza ghala atasubiri na mahindi yatalowa. Wengi watamwita mzembe. Mimi naona amejifunza barabara alichofundishwa. Lakini kama amezoea kuulizwa, “Uliona nini, ukaamuaje?”, atatenda kwanza, kisha atoe taarifa.

Mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliliona jambo linalofanana na hili huko Marekani, katika utafiti wa vikundi vya wavulana uliochapishwa mwaka 1939. Kiongozi wa amri alipotoka chumbani, kazi ilizorota. Alipotoka kiongozi wa kushirikisha, iliendelea.

Bosi anayemwachia kila mtu afanye atakavyo naye hasaidii, na hili husahaulika mno. Asiyejua mpaka wake huogopa kama anayekaripiwa. Afadhali aambiwe wazi: kiasi hiki cha fedha amua mwenyewe, zaidi ya hapo tafuta idhini, mizani na stakabadhi haviguswi kwa hali yoyote.

Mtihani mgumu huja siku uamuzi wa nia njema ulipoleta hasara. Hapo kiongozi hana budi kutenganisha uzembe na uamuzi uliofaa kwa taarifa zilizokuwepo saa ile, na aseme tofauti hiyo mbele ya wote, maana ofisi nzima inasikiliza.