Ukuta kupumua: maana yake kwa anayetaka kupaka rangi nje ya nyumba ya mawe

Fundi wa Lamu akikwambia ukuta wako haupumui, anazungumzia maji. Ukuta unaopumua ni ule ambao unyevu ulioingia ndani yake hupata njia ya kutoka tena kama mvuke, ukipita kwenye lipu na rangi. Usiopumua umezibwa kwa juu: maji yanaingia, hayana pa kutokea. Dukani watu huuliza bei, wakauliza kama ipo nyeupe au ya maziwa. Kama rangi hiyo inapitisha mvuke hawaulizi, na hilo ndilo litakaloamua itakaa miaka mingapi.

Maji huingia kwa njia nyingi. Mvua za masika zikisukumwa na kusi hupiga ukuta kwa ubavu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa hata siku ya jua kali.

Nyumba za kale za Mkomani, mtaa wa Lamu, zilijengwa kwa kulijua hilo. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele, hunywa maji na kuyatoa. Chokaa iliyoshikanisha mawe hayo ilitokana na matumbawe yaleyale: yalichomwa tanuuni, na jiwe likifika joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa yake ya kaboni na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo huzimwa kwa maji, na ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ile taratibu, ikarudi kuwa jiwe. Ndiyo maana lipu ya chokaa na jiwe la matumbawe hupatana. Ni ndugu wa tumbo moja.

Nyumba ya mama yangu iko mtaa wa Langoni, na ukuta wake wa uchochoroni ni wa mawe na chokaa. Palipokaribia harusi ya dada yangu tuliupaka rangi ya mafuta, ikang'aa mpaka majirani wakaja kuangalia. Masika moja tu ikapita, ukuta ukatoa malengelenge, mengine makubwa kama kikombe cha kahawa. Nililichoma moja kwa ncha ya kisu. Likatoa maji yaliyochuruzika hadi barazani, nikayaonja kwa kidole: chumvi tupu. Nyuma ya rangi, lipu ilikuwa imegeuka unga. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akipita aliweka kiganja pale, akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu mmeuziba pua."

Rangi yenyewe haikuwa mbovu. Iliwekwa mahali pasipo pake. Maji ya ndani ya ukuta hubeba chumvi kuileta nje. Njia ikiwa wazi, maji hukauka na chumvi hubaki juu kama vumbi jeupe la kufagiwa. Njia ikizibwa, chumvi huganda huko nyuma ya rangi, punje zake zikakua ndani ya vitundu vya lipu na kuipasua.

Kwa hiyo matayarisho huanza kwa kumsaidia mgonjwa apumue. Kwangua rangi yote iliyoachia. Vumbi jeupe la chumvi lipige brashi likiwa kavu, usilimwagie maji, kwa sababu maji hulirudisha ndani. Ukoga wa kijani na ukungu mweusi upake blichi iliyopunguzwa kwa maji, uiache kidogo, kisha usugue na usuuze kwa maji matamu. Ukipitisha kiganja ukutani kikatoka cheupe kama umeshika chaki, ipo kazi bado. Rangi haishiki juu ya unga.

Nyufa ndipo nyumba nyingi za kale zinapoharibiwa. Lipu ya chokaa huzibwa kwa chokaa. Kiraka cha simiti ni kigumu kuliko jiwe linalokizunguka, na hakipitishi maji vizuri, kwa hiyo maji hujikusanya pembeni mwake na jiwe ndilo linalomeguka. Nimeona viraka vya simiti vikining'inia vizima huku matumbawe ya nyuma yameshapukutika. Mchanga wa ufukweni nao usiuguse. Ukiutia kwenye lipu umejipandia chumvi mwenyewe.

Ukitaka kujua kama ukuta umekauka ndani, bandika kipande cha nailoni ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, ngoja.

Nyumba mpya za bloku na simiti zina shida nyingine. Lipu mbichi ya simiti ina ukali unaounguza rangi, hivyo iache wiki nne angalau, kisha praima, yaani rangi ya msingi, ya kuzuia ukali huo, halafu rangi ya maji ya nje. Kwa ukuta wa kale, chokaa bado inashinda. Lowesha uso wa ukuta kwanza, ipake nyepesi kama maziwa, mara tatu au nne, kila safari ingoje iliyotangulia ikauke. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu na utadhani umepoteza kazi. Weupe huja inapokauka. Linda macho, chokaa huunguza. Na kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, waulize watu wa Makumbusho kabla ya kubadilisha sura ya nje.

Wakati mzuri ni kaskazi, mvua zikiwa mbali. Fuata kivuli: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri, maana jua la moja kwa moja hukausha chokaa kabla haijashika.

Ule wa mama tuliukwangua wote, tukauacha uchi miezi mitano, tukaupaka chokaa mwezi wa Januari. Kila baada ya masika hutoa unga kidogo chini, karibu na baraza. Mama huufagia kwa ufagio wa chelewa, akaendelea na shughuli zake.