Kooikerhondje: mbwa anayewinda kwa kujionyesha

Uholanzi ina mbwa mdogo mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mkia uliojaa manyoya meupe, na ncha nyeusi za masikio ambazo wenyewe huziita hereni. Anaitwa Kooikerhondje. Ni mbegu adimu, kwa hiyo habari zake nyingi husambazwa na watu ambao hawajawahi hata kumshika. Makosa yao karibu yote yana mzizi mmoja: wanamtazama sura, hawaulizi alikuwa akifanya kazi gani.

"Ni mbwa wa bunduki, kazi yake ni kuokota ndege aliyepigwa"

Hili ndilo kubwa, na orodha za vyama vya mbwa zimelichochea. Shirikisho la kimataifa la FCI limemweka kundi la 8, pamoja na mbwa wa kufurusha na kuokota ndege. Marekani nako, chama cha mbwa cha AKC kilimwingiza kwenye kundi la mbwa wa uwindaji mwaka 2018. Kuna wanaomfundisha kuokota ndege na anaweza, lakini asili yake ni mahali ambapo mlio wa bunduki ulikuwa mwiko: eendenkooi, yaani mtego wa bata. Sheria ya Uholanzi iliwapa wenye mitego hiyo haki ya kumzuia mtu yeyote asiwasumbue bata katika eneo linaloizunguka.

Mtego wenyewe ni bwawa tulivu ndani ya kijisitu. Pembeni mwake kuna mifereji iliyopinda, iliyofunikwa kwa wavu, kila mmoja ukizidi kuwa mwembamba hadi kwenye kisanduku mwishoni. Kando ya mfereji vimesimamishwa viambaza vya matete kwa mshazari, ili mtu aliye nyuma yake asionekane na bata walioko bwawani. Hapo ndipo anapojificha kooiker, mwenye mtego. Zamani alishika kipande cha mboji inayofuka moshi ili harufu ya mwili wake isiwafikie bata.

Basi mbwa anatokea kwenye uwazi kati ya viambaza viwili, anaruka kizuizi kifupi, anatembea mkia juu, halafu anapotea nyuma ya kiambaza kinachofuata. Anatokea tena mbele kidogo. Hawaangalii bata, hafanyi haraka. Bata wana tabia ya kumfuatilia adui anayewapa mgongo, kama wanavyomfanyia mbweha, na mkia ule mweupe wanauona vizuri. Wanaogelea nyuma yake, kiambaza baada ya kiambaza, mpaka wameingia ndani kabisa. Hapo kooiker anajitokeza nyuma yao. Wanaruka kukimbilia mbele, dhidi ya upepo, na kuishia kisandukuni. Bata waliobaki bwawani hawana habari, na mbwa hajabweka hata mara moja.

Kwa hiyo anayesema mbwa huyu "hana moyo wa uwindaji" kwa sababu hakimbizi ndege amelielewa jambo kinyume. Angekimbiza, mtego mzima ungeharibika. Siku hizi mitego imebaki mia moja na ushee Uholanzi, na mingi hutumika zaidi kuwanasa bata ili wavishwe pete za utafiti kisha waachiwe.

"Ni kama Cavalier, mbwa wa mapajani na wa watoto"

Rangi zinafanana, ndiyo. Lakini Cavalier King Charles, mbwa mdogo wa Kiingereza, amezalishwa kwa ajili ya kukaa na watu, na huyu kwa ajili ya kazi. Dume ana kimo cha sentimita 40 hivi begani, jike 38, na mwili wake ni wa mbwa wa kutwa nzima nje.

Kosa kubwa zaidi la dhana hii ni kuhusu tabia. Kooikerhondje hamkimbilii kila mgeni. Humpima kwanza, na akishikwa kwa nguvu kabla hajaamua, anaweza kunguruma au kujitenga. Wageni wengi huona ni ukali, wakati ni tahadhari tu. Watoto wanaoelewa kumwachia nafasi ataelewana nao sana. Wanaokumbatia kila kitu chenye manyoya wasubiri wakue kwanza. Tena usimfokee. Mbwa huyu alifanya kazi kwa ishara za mkono za mtu aliyejificha, kimya kimya. Ukimpigia kelele anajifunga, na kumfungua tena ni kazi.

"Asiye na hereni si halisi" na "lazima anyolewe"

Hereni zinapendwa mno na majaji, lakini kuzikosa hakumfanyi mbwa kuwa chotara. Kunyoa hakuhitajiki. Brashi inatosha, na matope yakikauka hupukutika yenyewe.

"Ni mbegu ya kale iliyotufikia bila kuguswa"

Wapenzi wake husimulia kwamba usiku mmoja wa mwaka 1572, kambini karibu na Mons, mbwa mdogo alimwamsha Willem van Oranje, kiongozi wa Waholanzi walioasi utawala wa Uhispania, kabla Wahispania hawajamfikia. Kwenye kaburi lake mjini Delft kweli kuna mbwa amelala miguuni pake. Lakini wafugaji wa pagi (pug, mbwa mdogo mwenye uso bapa) nao wanadai alikuwa wao, na hakuna upande wenye ushahidi. Hizi ni simulizi za kujivunia tu. Michoro ya karne ya 17, ikiwemo ya mchoraji Mholanzi Jan Steen, ina mbwa wadogo weupe wenye mabaka mekundu. Hiyo inaonyesha sura ile ilikuwepo, basi.

Mbegu tunayoijua leo ilikaribia kutoweka. Aliyeinusuru ni Baroness van Hardenbroek van Ammerstol, aliyeanza kutafuta mbwa waliobaki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alimpa mchuuzi wa vijijini picha na kishungi cha manyoya ili ajue anatafuta nini, na mchuuzi akampata jike huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Jike huyo, Tommie, ndiye mama wa mbegu ya sasa. Uholanzi ilimtambua Kooikerhondje rasmi mwaka 1971.

"Mbwa adimu huwa na afya kuliko wa kawaida"

Kinyume chake. Wakitokana na wachache, kasoro za wachache hao husambaa. Mbaya zaidi ni ENM, ugonjwa wa uti wa mgongo: kitoto huanza kuyumba miguu ya nyuma, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka, na hauna tiba. Upo pia ugonjwa wa von Willebrand, ambapo damu haigandi sawasawa. Yote mawili yana kipimo cha DNA.

Hapa wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Wakisikia mzazi mmoja ni "mbebaji", yaani ana jeni mbovu moja lakini haugui, wanakimbia. Ugonjwa wa ENM unahitaji jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo mbebaji aliyepandishwa na asiye nayo hatazaa mgonjwa. Hatari ni wabebaji wawili: kila kitoto kina uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua. Na kuwaondoa wabebaji wote kwenye uzalishaji kungeipunguza zaidi damu ambayo tayari ni chache. Ukienda kununua, omba majibu ya vipimo vya baba na mama kwa maandishi, na umwone mama akiwa na watoto wake. Mfugaji akikwambia ukoo wake hauhitaji vipimo, rudi nyumbani.