Chama cha wakusanya vitabu: yanayosemwa barazani na yaliyokuwa

Juzi baada ya Alasiri, barazani karibu na Ngome ya Lamu, kijana mmoja alitoa wazo: tuanzishe chama cha wakusanya vitabu vya kale. Kahawa haijapoa, kila mtu keshakuwa mtaalamu wa vyama hivyo. Mengi yaliyosemwa hayakuwa kweli.

Ami mmoja alishikilia kwamba chama cha namna hiyo ni maktaba tu iliyopewa jina la kizungu. Sivyo. Roxburghe Club ya London, inayohesabiwa kongwe kuliko vyote, ilizaliwa mnadani. Mwaka 1812, miaka ile ile ya Vita vya Shela hapa Lamu au karibu yake, vitabu vya marehemu Duke wa Roxburghe vilikuwa vikinadiwa. Juni 17 ikafika zamu ya kitabu cha hadithi za Boccaccio, mwandishi wa Italia, kilichochapwa Venice mwaka 1471. Earl Spencer na Marquess wa Blandford wakapandishiana bei mpaka nyundo ikagonga kwa pauni 2,260, Blandford akakibeba. Jioni ile ile wapenda vitabu wakakaa kula, Spencer aliyeshindwa akiwa mwenyekiti, wakaahidiana kukutana kila mwaka tarehe hiyo. Chama kikaanza hivyo, kwa sahani.

Basi ni walafi tu waliokalia vitabu wasimwachie mtu avisome? Hapana, na hapa ndipo watu wanapowaonea. Mwanachama alitarajiwa achapishe maandishi adimu kwa gharama yake, awagawie wenzake. Grolier Club ya New York, iliyoanza 1884, hufungulia watu maonyesho yake bila kiingilio, na maktaba yake hutumiwa na watafiti.

Kwamba kitabu kikizeeka lazima bei ipande, muulize Blandford. Miaka saba baadaye mali yake ilinadiwa, na Boccaccio yule yule akachukuliwa na Spencer kwa pauni 918 na ushei. Subira ilimlipa.

“Lakini ni mambo ya wanaume,” akasema mwingine. Kwa muda mrefu milango ilikuwa imefungwa kweli, ila wanawake hawakungoja kufunguliwa: New York walianzisha chao, Hroswitha Club, mwaka 1944. Grolier ilikuja kuwapokea 1976, Roxburghe 1985.

Dhana iliyonikera zaidi ilitoka kwetu wenyewe: eti Waswahili tulikuwa watu wa masimulizi, vitabu ni vya wageni. Katika mji huu huu! Muhamadi Kijuma, mchonga milango na mwanamuziki, aliyefariki 1945, alinakili tenzi kwa herufi za Kiarabu, na wengi wa walioziagiza walikuwa wataalamu wa Ulaya, akina Alice Werner na William Hichens. Msikiti wa Riyadha una hati za kale ambazo zimepigwa picha kwa mpango wa British Library. Tena sisi tuna waqfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Jean Grolier, Mfaransa aliyeipa klabu ya New York jina, aliandikisha kwenye majalada kwamba kitabu ni chake na rafiki zake. Lakini kitabu cha waqfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Mwenyewe amekwisha kujitoa.

Ami yule wa kwanza akanyamaza, akaingia ndani. Alirudi na kitabu alichokitoa kidakani, kimefungwa kitambaa cha kanzu kuukuu. Kurasa zimenyonya unyevu wa bahari, wadudu wamezitoboa toka jalada hadi jalada, tundu moja unaweza kulichungulia. Pembezoni kuna maelezo ya Kiamu kwa wino mwekundu. Hakutaka tukiguse.

Chama bado hakina jina wala daftari. Tulichokubaliana ni kimoja tu: Ijumaa, wali wa nazi na samaki, nyumbani kwa Ami.