Bonasi ya kubaki ni nini, na kwa nini hela peke yake haimtulizi meneja

Kampuni ikiwa inauzwa, mwenye mali anaweza kumuahidi mtu wake muhimu hela fulani ili asiondoke kabla dili halijaisha, hiyo ndo bonasi ya kubaki. Sio mshahara wala asante ya mwisho wa mwaka, analipwa kwa sababu alikaa mpaka tarehe iliyoandikwa.

Chukulia kampuni ya utalii hapa Arusha. Meneja opereshen ndo anajua vyumba gani vimeshikwa Serengeti kwa ajili ya mwezi wa nane, dereva yupi anaongea Kijerumani, wakala yupi wa Ulaya anachelewesha malipo ila hadhulumu. Sasa tajiri kaanza kuleta wageni na mafaili, mlango unafungwa, hakuna anayesema kitu, na meneja si mtoto, jioni hiyo hiyo anampigia rafiki yake wa kampuni nyingine kuulizia nafasi. Akiondoka meneja huyo, mnunuzi atakuwa kanunua Land Cruiser tu, na lazima atashusha bei au ataachana na dili kabisa.

Wengi wanadhani dawa ni kuongeza kiasi. Hapana jamani, kinachomnyima usingizi ni kwamba bosi mpya atakuja na watu wake, yeye atolewe wiki moja kabla ya siku ya kulipwa. Kwa hiyo mkataba useme wazi, akiachishwa bila kosa lake analipwa bonasi yote, akiacha mwenyewe au akiiba hapati. Kwangu mimi kipengele hicho kina uzito kuliko hata namba yenyewe.

Mara nyingi inagawanywa, sehemu siku mauzo yanakamilika, iliyobaki baada ya miezi 6 au 12, na iandikwe nani anatoa, muuzaji au mnunuzi, maana wakianza kutupiana mpira anayeumia ni mfanyakazi. Na umwambie mapema, wewe mwenyewe, asije akasikia kwa madereva, kwa sababu dili kubwa zinasubiri idhini ya Tume ya Ushindani, chombo cha serikali kinachosimamia ushindani wa biashara, na mtu hawezi kukaa roho juu muda wote huo.

Alafu kodi. Bonasi inakatwa PAYE, ile kodi ya mapato ambayo mwajiri anaikata moja kwa moja, kama mshahara, ngazi ya juu ni 30%, kwa hiyo mkubaliane kabisa kama kiasi mnachotaja ni kabla au baada ya makato. Kiinua mgongo nacho kiko palepale, Sheria ya Ajira ya 2004 inampa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliofanya kazi, mpaka miaka 10, akipunguzwa kazi, usije ukakichanganya humo kwenye bonasi kama vile unampa wewe.