Wanga wa Muhogo Hutoka Kwenye Jani

Muhogo mnene unapong'olewa, sifa huenda kwa shamba: ardhi ina rutuba, udongo una nguvu. Sifa hiyo ni ya haki kwa sehemu ndogo tu. Ukiukausha muhogo mpaka maji yaishe, sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga, na kaboni iliyojenga wanga huo haikutoka ardhini. Ilitoka hewani, ikapitia kwenye jani.

Jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Jan Baptista van Helmont, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mti kwenye chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka ratili 164. Udongo ulipungua aunsi 2 hivi, yaani gramu zisizozidi 60. Katika maandiko yake yaliyochapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake, alihitimisha kwamba mti wote umejengwa kwa maji. Kuhusu udongo alikuwa sahihi. Hewa ndiyo hakuihesabu.

Hewa ina kaboni dioksidi kidogo sana, takriban sehemu 4 katika kila sehemu 10,000. Jani la muhogo huipokea kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vingi viko upande wake wa chini. Maji hupandishwa na mizizi. Klorofili, ile rangi ya kijani, hunasa nguvu ya mwanga wa jua, na nguvu hiyo hupasua maji: oksijeni hutoka nje kupitia vitundu vilevile, haidrojeni hubaki na kuungana na kaboni dioksidi kutengeneza sukari. Kwa hesabu ya jumla, molekuli 6 za kaboni dioksidi na 6 za maji hutoa molekuli 1 ya glukosi na 6 za oksijeni. Huo ndio usanisinuru. Mbolea haimo katika hesabu hiyo. Kazi yake ni kuupa mmea madini, kwa mfano naitrojeni, ambayo bila yake klorofili yenyewe haitengenezwi.

Sukari hiyo haikai bure. Sehemu yake jani huihifadhi mchana kama wanga, na usiku, mwanga usipokuwepo, wanga huo huvunjwa. Sukari inayosafiri kwenda sehemu nyingine za mmea huwa sukrosi, ileile tunayotia kwenye chai. Nyingine huunguzwa kwenye seli ili kupata nguvu ya kuishi, mchana na usiku, maana mmea nao hupumua. Nyingine huunganishwa kuwa selulosi, zile nyuzi ngumu za shina na za katikati ya mzizi. Nyingine huchanganywa na naitrojeni kujenga protini. Hata sumu ya muhogo mchungu ina glukosi ndani yake: imefungwa pamoja na kemikali inayotoa sayanaidi, na ukiutwanga muhogo au kisamvu, kifungo hicho hukatika na sayanaidi huanza kutoka. Ndiyo maana kutwanga, kuloweka na kuanika vizuri si mambo ya kurukwa.

Kinachosalia hushuka mizizini na kuwa wanga. Kata muhogo mbichi, dondoshea tone la iodini ya duka la dawa: sehemu nyeupe itageuka buluu nyeusi. Hiyo ni dalili ya wanga. Kipande ulichokijaribu kitupe.

Mzizi, basi, ni ghala, na mwenye ghala ni mmea. Wakati wa kiangazi kirefu muhogo hufunga vitundu vya majani na kupukutisha majani mengi, ukaishi kwa kutumia kidogo. Mvua zikirudi, hauna majani ya kutosha kutengeneza sukari, kwa hiyo huvunja wanga wa mizizini na kuupandisha juu kuchipua upya. Wapishi hulijua hili vizuri: muhogo uliong'olewa mwanzoni mwa mvua mara nyingi una maji, hauivi ukawa laini. Kwa anayetaka unga mwingi, ni bora kuvuna kabla ya machipukizi hayo, au kusubiri majani yakomae na kuijaza mizizi wanga tena.

Kisamvu nacho kina hesabu yake. Jani changa tunalolipenda jikoni bado ni tegemezi. Hupokea sukari kutoka kwa majani yaliyokomaa mpaka litakapokua vya kutosha kujitegemea. Ukilichuma, mmea hutoa sukari nyingine kuchipua jingine. Kuchuma kwa kiasi shina hulivumilia. Kunyonyoa shina lilelile kila mara hupunguza mizizi, kwa hiyo mimi hushauri kutenga mashina machache ya kisamvu na kuyaacha mengine yafanye kazi ya wanga.

Hasara kubwa zaidi huletwa na batobato, ugonjwa wa virusi ulioripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Mabaka ya njano kwenye jani ni sehemu zilizopungukiwa klorofili. Jani hujikunja, sukari hupungua, mizizi hubaki myembamba, na mbolea haiwezi kuuponya. Ugonjwa huenezwa na nzi weupe, lakini pia na sisi wenyewe tunapokata pingili za mbegu, yaani vipande vya kupanda, kwenye shina linaloumwa. Kabla ya kukata mbegu, pita shambani wakati majani yangali mengi na uweke alama kwenye mashina yenye kijani kilichoenea jani zima. Ukingoja mpaka yapukutike, mashina mazima na yanayoumwa hayatofautishiki kwa urahisi.