Daraja la Kwanza Si Kipimo Pekee cha Chuo

Vijana wengi wanaotamani kwenda Marekani kwa ajili ya masomo na riadha, wakiwamo wakimbiaji wa Kenya, huamini kwamba chuo kisichoshiriki Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, hakina fedha wala hakimfikishi mtu mbali. Imani hiyo haina msingi. Harvard na Yale zimo katika daraja hilo hilo, lakini hazitoi ufadhili wa michezo. Msaada wao hutegemea uwezo wa kifedha wa familia. Vyuo vya Daraja la Pili hutoa ufadhili wa michezo, ingawa mara nyingi hulipia sehemu tu ya gharama, na vile vya Daraja la Tatu, ambavyo haviruhusiwi kuutoa, huweza kumsaidia mwanafunzi kwa kuzingatia alama au uhitaji wake.

Kuhusu kipaji, mfano ninaoupenda ni wa Nick Symmonds, aliyesoma Willamette, chuo cha Daraja la Tatu huko Oregon. Mwaka 2012 alimaliza wa tano katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London, ile ambayo David Rudisha aliweka rekodi ya dunia, na mwaka 2013 alipata medali ya fedha katika mashindano ya dunia mjini Moscow.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza daraja, mwanafunzi amwulize kocha ni kiasi gani atakachobaki akilipa mwenyewe, na ufadhili huo, ambao mara nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, utakuwaje akiumia goti.