Maswali na majibu: jua, ualbino na kidonda kisichopona

Kwa nini jua linamuunguza mtoto mwenye ualbino kuliko wenzake?
Ngozi yake ina upungufu wa melanini, rangi inayokinga mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza bila kuonekana. Basi.

Si tunaambiwa kuna gesi ya ozoni angani inatukinga?
Ipo huko juu katika stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, nyingi ikiwa kati ya kilomita 15 na 35. Hunyonya sehemu kubwa ya urujuanimno, ndiyo maana huko ukipanda joto huongezeka badala ya kupungua. Lakini haizuii yote, na sisi wa Tanga jua hutusimamia utosini. Mkataba wa Montreal wa 1987 unailinda ozoni. Hautamvalisha mwanao kofia.

Leo kuna mawingu na upepo wa kusi. Aende pwani hivi hivi?
Hapana. Upepo unaipoza ngozi tu, mionzi inaendelea kuunguza. Mawingu mepesi huipitisha, mchanga na povu la bahari huirudisha usoni. Mvalishe mikono mirefu na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Kapelo huacha masikio wazi, kofia ya kiua ndiyo kabisa, na masikio ndiyo tunayoyafunga bandeji kila wiki. Mpake losheni ya kukinga jua, kama ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Mafuta ya nazi yabaki jikoni.

Ana kidonda sikioni, mwezi wa pili sasa. Tunakitia unga wa vidonge vya rangi mbili, kinakauka kisha kinarudi.
Mlete. Kukauka si kupona. Kidonda kilichopita wiki nne hakijafunga kionwe hospitali.

Lakini hakimuumi.
Mlete. Saratani ya ngozi mara nyingi huanza bila maumivu.

Baba yake yuko dago, kambi ya wavuvi, arudi kwanza.
Mlete, mama, baba atawakuta hospitali. Kidonda cha punje ya mtama hutolewa kwa sindano ya ganzi, na mara nyingi mtu hurudi kwake siku hiyo hiyo. Kikiachwa hula sikio, hushuka kwenye tezi za shingo, na hapo ni safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wanatufikia kidonda kimefunikwa khanga, kinanuka, na nyumba nzima ilikijua tangu Ramadhani!

Mganga kasema kikiguswa na kisu kitaenea.
Kinaenea kwa kukaa nacho. Mlete kesho alfajiri, jua halijapanda.